Breki za Mkaguzi

Kabla hajakusalimu alikuwa ameshakukagua. Aliingia dukani kwangu, akasimama mlangoni mikono nyuma, macho yakaanzia rafu ya juu kushoto na kushuka taratibu mpaka sakafuni, ndipo akanigeukia kama mtu aliyekumbuka kwamba duka lina mwenyewe. "Mbukwenyi," anasema. Naitika Kigogo changu cha kuungaunga, naongeza shikamoo, naye anajibu marahaba huku kidole kimeshapita juu ya kopo la rangi kutafuta vumbi. Dodoma hii, ambako vumbi linaingia mpaka kwenye sukari, na yeye analitafuta kwa kidole. Kisha ananionyesha kile kidole, anakipangusa kwa leso.

Tulimwita Mkaguzi kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake mpaka alipostaafu. Alikagua shule. Alizunguka mkoa mzima na gari lake la zamani aina ya Pijo, lile lenye rangi ya maziwa na mapembe kidogo nyuma, akiingia madarasani bila hodi. Alipostaafu, serikali ilichukua ofisi yake na meza yake, ila ukaguzi akabaki nao. Alikagua mikate sokoni kwa kuibonyeza. Kanisani kwao, nilivyosikia, alikuwa akimsubiri mchungaji mlangoni baada ya ibada kumweleza mahali mahubiri yalipolegea. Majirani zake wa mtaa wa Makole walijifunza kufagia nyua zao kabla hajapita kwenda kununua gazeti, wakikasirika huku wanafagia.

Mimi na yeye tulikuwa majirani nyumba ya tatu, na nilimjua tangu nikiwa msichana. Duka lilikuwa la marehemu baba. Enzi zake liliuza kufuli, taa za chemli, na misumari ilipopatikana. Mimi nililigeuza kuwa la spea za magari miaka ile ya ruksa, mipaka ilipolegezwa na bidhaa zikaanza kumiminika kutoka Dubai na kwingineko, nyingine katika maboksi yenye maandishi ambayo hata waliotuuzia hawakuweza kuyasoma. Kulikuwa na spea nzuri, kulikuwa na takataka, na kazi yangu ilikuwa kutofautisha. Niliifanya vizuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu Mkaguzi hakuwahi kulisema.

Baba alipofariki, mzee huyu alikuja msibani na koti lake la kahawia, akakaa na wazee wetu wa Kiislamu barazani siku zote za matanga, akijua wapi pa kunyamaza na wapi pa kuitikia. Akaniambia nisifunge duka, yeye atanishikia. Nilishukuru mpaka nikalia. Nilivyorudi dukani nikakuta hajauza hata kibiriti. Wateja walikuja, naam, lakini aliwarudisha mmoja mmoja, akiwaeleza kasoro ya kila walichotaka kununua. Mmoja wao alikuja baadaye kuniuliza kama kweli nimeacha biashara. Ndivyo alivyokuwa. Wema wake ulikuwa mkubwa na ulikugharimu.

Sasa lazima niseme habari ya mkewe, maana bila yeye hadithi ya gari lile ni chuma tu.

Mama Mkaguzi alikuwa mtu wa Mpwapwa. Mama yake mzazi alikuwa bado hai kule, mkongwe, haoni vizuri, na kila mwisho wa mwezi Mama Mkaguzi alikwenda kumwogesha, kumsuka na kukaa naye siku mbili tatu. Miaka yote alipelekwa na mumewe kwa Pijo. Siku moja, katika mteremko wa kuingia Mpwapwa, Mkaguzi alikanyaga breki na mguu ukazama mpaka chini. Hakumwambia mkewe. Aliendelea kusimulia habari za shule fulani ya zamani, sauti ileile, huku akishusha gia na kuvuta breki ya mkono, mpaka gari likaacha barabara na kujikita katikati ya shamba la uwele la mtu. Hakuna aliyeumia. Mama Mkaguzi alitoka, akapangusa khanga yake, akatembea kwa miguu mpaka kwa mama yake.

Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha dukani. "Breki kukatika si kosa la mtu, Zuhura," aliniambia. "Kosa ni kwamba alijua tangu Kongwa. Tangu Kongwa alikuwa anapampu breki kwa ule mguu, mimi nadhani anafuata wimbo kichwani mwake. Angeniambia, ningeshuka tukatafuta fundi. Yeye akaona nitaogopa. Basi nimemwambia: nitapanda tena siku breki zitakapopona, na atakayesema zimepona ni mimi."

Hayo ndiyo yalikuwa masharti, na mji mzima wa kwetu uliyajua. Kuanzia hapo Mama Mkaguzi akawa anakwenda Mpwapwa kwa basi. Na Mkaguzi, ambaye aliwahi kuwasimamisha walimu wakuu kwa sababu ya chaki, akawa anakwenda Mpwapwa nyuma ya basi.

Sizushi. Basi likitoka stendi, Pijo lilitoka. Alilifuata kwa mbali, vioo amefunga, anakula vumbi lake lote, amebeba gogo la kuzuia tairi na jiwe la akiba, anaendesha kwa gia na kwa maombi. Kondakta akimtania Mama Mkaguzi kwamba mzee wake yuko nyuma, alijibu, "Mwache. Barabara ni ya serikali." Safari moja basi liliharibika karibu na njia panda ya Kongwa. Mkaguzi akafika, akasimamisha gari kwa ile njia yake ndefu ya kulianzia mbali, akashuka na kufungua mlango wa mbele wa abiria. Akasimama ameushika. Wanawake wengine wawili wenye watoto wakaukimbilia, wakaingia nyuma, wakashukuru sana. Mama Mkaguzi akakaa juu ya mzigo wake kando ya barabara mpaka fundi wa basi alipomaliza. Mkaguzi akawapeleka wale wanawake. Alinisimulia hilo kama malalamiko juu ya hali ya mabasi nchini.

Dawa ya breki zile ilikuwa rahisi, na hapo ndipo damu yangu ilipokuwa ikichemka. Ndani ya silinda za breki kuna mipira midogo ya mviringo, kila gurudumu na yake, na mingine kwenye silinda kubwa iliyo mbele. Mipira ikichoka, maji ya breki yanavuja na mguu unazama. Unabadilisha mipira, unatoa hewa, unaondoka. Fundi Yohana, aliyekuwa na gereji nyuma ya soko na aliyelijua Pijo lile kuliko kitanda chake, alisema ni kazi ya asubuhi moja. Na mipira ninayo. Iko rafu ya pili. Nilimwekea mezani.

Mkaguzi aliuchukua mmoja, akaunusa.

Hiyo ilikuwa tabia yake nyingine, kunusa. Alinusa mipira, alinusa oili, alinusa hata boksi. "Mpira wa kweli unanuka tairi," alisema. "Huu unanuka kandambili."

"Mkaguzi, breki hazitumii pua."

"Umetengenezwa wapi?"

Nikaligeuza boksi. Lilikuwa na picha ya simba na namba tu. 

"Unaona," akasema. "Mtu akija kwako usiku, hataji jina, hataji kwao, unamfungulia? Na mimi niuweke huu chini ya miguu ya mke wangu?"

Nilimweleza kwamba madereva wa malori wanaitumia ileile, wanashuka nayo milima wakiwa na magunia ya mahindi. Nilimweleza kwamba nimeshaiuza kwa magari ya misheni. Alisikiliza kwa adabu yake yote, kichwa kainamisha upande, kisha akaurudisha mpira katika boksi ukiwa umegeuzwa, ili nijue kwamba niliupanga vibaya. Mwezi uliofuata akarudi tena kuukagua, na mwezi mwingine tena. Nilikuwa nikimwona anavuka barabara najisikia kichwa kinaanza kuuma.

Kilichomfanya awe hivyo nilikifahamu. Alikuwa mtu wa miaka ya uhaba. Zile siku za foleni, Pijo lilipohitaji kitu, aliandika barua kwa rafiki yake mmisionari aliyekuwa amerudi kwao Ulaya, akangoja miezi, na kifurushi kikafika kimefunguliwa na kufungwa tena na watu wa forodha. Alichopata alikithamini kama dhahabu. Akiagiza kimoja aliagiza viwili, kimoja cha kufunga na kimoja cha kuweka. Chini ya kitanda chake kulikuwa na bati la biskuti lenye seti nzima ya mipira ya breki iliyotoka kiwandani penyewe kulikotengenezwa gari. Alikuwa ameiweka zaidi ya miaka kumi. Ndiyo maana vyangu havikuwa na thamani machoni pake. Kwa nini afunge kitu cha simba wakati anacho chenyewe?

Basi funga chenyewe, nilimwambia. Hapana. Hicho ni cha siku ya mwisho, alijibu, nchi inaweza kugeuka tena. Maduka yamejaa leo, kesho je? Hivyo alikataa vyangu kwa kuwa anavyo vyake, na vyake hakuvitumia kwa kuwa vitakwisha. Mkewe akaendelea kupanda basi.

Kisha akaniletea rimu.

Alikuwa amekwenda Dar es Salaam kufuatilia mambo ya pensheni, akarudi kwa treni na rimu nne za magurudumu, za alminiamu, zile ambazo vijana walizipenda, zenye miale kama jua na kung'aa hadi unafumba jicho. Alizibeba kutoka stesheni kwa mkokoteni, akazipanga kwenye sakafu yangu. Mzee wa kanisa, koti la kahawia, miwani ya kamba, amesimama juu ya rimu za sport. Nilizigeuza nyuma. Hazikuwa na jina. Hazikuwa na nchi. Hata simba hazikuwa naye.

"Hizi zimetengenezwa wapi, Mkaguzi?"

Akazitazama kidogo. "Rimu si breki," akasema. "Rimu ni nguo. Mama akitoka nje akaliona gari limebadilika, atalitazama. Akilitazama, atalikaribia."

Nilitaka kucheka lakini nilichoka. Nikamwambia anavaa viatu vipya juu ya kidonda. Akaniuliza kama nina dawa ya kung'arishia alminiamu.

Rimu hazikuingia, bila shaka. Matundu yake yalikaribia bolti za Pijo lakini hayakulingana nazo, na hata Fundi Yohana alipoyapanua kwa tupa siku nzima, gurudumu lilikaa ndani mno na kukwaruza ngoma ya breki. Wakaongeza washa nene, zile pete za chuma, kati ya ngoma na rimu ili kulisogeza nje. Sasa likasogea sana, likatokeza nje ya bodi kama masikio. Akipita, gari lilitembea limetanua miguu. Watoto wa Makole walilikimbilia kulitazama. Mama Mkaguzi alitoka nje, kama mumewe alivyosema, akalitazama, kama alivyosema, akarudi ndani kusonga ugali. Jioni alinipitia akaniambia, "Amelivalisha hereni."

Yohana alimwonya waziwazi kwamba washa zile zinafanya nati zishike bolti kwa ncha tu, na kwamba akipiga shimo baya gurudumu litaondoka kabla yake. Mkaguzi akamkumbusha kwamba amesafiri mkoa huu tangu Yohana hajazaliwa. Hilo lilikuwa jibu lake la mwisho katika ubishi wowote, na alikuwa mzee kuliko sisi wote, kwa hiyo alishinda kila mara.

Nadhani ni zile hereni ndizo zilizomfanya hatimaye afungue bati. Aliona aibu, ingawa asingekubali neno hilo. Mama mkwe alikuwa ameanza kuumwa, na Mama Mkaguzi alikuwa akienda Mpwapwa mara mbili kwa mwezi, anarudi miguu imevimba kwa kusimama. Asubuhi moja Mkaguzi aliingia dukani na lile bati la biskuti mikononi. Hakukagua rafu. Aliniambia nifunge duka nikashuhudie.

Nilifunga. Nilitamani sana kuliona jambo lile likiisha.

Kwenye gereji Yohana alikuwa ameshalipandisha gari juu ya matofali, magurudumu yale ya jua yamelala kando. Mkaguzi akakunja mikono ya koti, akafungua bati kwa taratibu. Mipira ilikuwa imefungwa kwenye gazeti la zamani, kila mmoja peke yake. Ilikuwa inang'aa. Yohana akachukua mmoja, akaugusa kwa kidole gumba, akaniangalia.

"Mzee, umeipaka nini?"

"Mafuta ya mgando," Mkaguzi akasema. "Kila kiangazi. Unajua hewa ya hapa, kila kitu kinapasuka. Midomo inapasuka, visigino vinapasuka. Nisingeipaka ingekuwa imeshakauka zamani."

Mtu wa Dodoma yeyote angemwelewa. Hapa tunajipaka mafuta asubuhi, mchana, na kabla ya kulala, tunapaka watoto, tunapaka mipini ya majembe. Kiangazi chetu kinakamua kila kitu. Alikuwa ameitunza mipira ile kama anavyotunzwa mtoto. Lakini mafuta ya mgando ni mafuta ya petroli, na mpira wa breki ukikutana nayo unavimba. Mipira ilikuwa imevimba kama maharage yaliyolala majini. Yohana aliuweka mmoja kwenye mdomo wa silinda, ukakataa kuingia.

"Zuhura," Yohana akaniambia, "ile yako ya simba ipo?"

"Ipo."

"Haitahitajika," Mkaguzi akasema. "Usukume taratibu. Utajipanga wenyewe."

"Mzee, huu hautoki ukishaingia. Utang'ang'ania."

"Umetoka kiwandani, Yohana. Kiwandani penyewe. Kama hauingii, tatizo liko kwenye silinda yako."

Nilisema mambo siku ile. Nilimwambia mbele ya fundi kwamba mke wake anasimama kwenye basi kwa sababu ya kiburi cha bati la biskuti. Nilimwambia kwamba yeye amekagua kila mtu katika mkoa huu isipokuwa nafsi yake. Ni maneno mazito kwa mtu wa umri wa baba yangu, na sauti yangu ilikuwa juu. Hakunikemea. Alimgeukia Yohana na kusema, "Funga."

Yohana alifunga, kwa nguvu na kwa bisibisi. Wakatoa hewa. Mkaguzi akakanyaga na mguu haukuzama. Ulisimama juu, mgumu kama jiwe. Uso wake ulifunguka. Ninakiri nami moyo wangu ulilainika, nikadhani labda mzee huyu ana bahati kuliko akili zetu. Alimtuma mtu nyumbani akamwite mkewe.

Alikuja amevaa tayari kwa safari, khanga mpya, mkoba begani na kikapu chenye mlenda mkavu wa mama yake. Alikuja amejiandaa kupanda. Hilo ndilo lililonikata maini, kwamba alikuja amejiandaa. Alisimama langoni mwa gereji. Mkaguzi akawasha gari kulileta mbele yake, ili alisimamishe hapo miguuni pake, aone. Likatembea hatua chache. Akakanyaga breki, likasimama palepale, safi kabisa, kwa mara ya kwanza baada ya miaka.

Na halikuondoka tena. Mipira ilikuwa imekaza na haikurudi. Mkaguzi akaongeza mafuta, injini ikalia, gari likajikokota limejishika lenyewe, na kwenye gurudumu la mbele moshi ukaanza kutoka, harufu ya breki zinazoungua ikajaa lango zima. Akazima.

Mama Mkaguzi alilitazama lile gurudumu linalong'aa na linalofuka moshi. "Kwanza halikusimama," akasema. "Leo haliondoki. Mimi nina mama anayenisubiri." Akageuka kwenda stendi. Mkaguzi hakuweza hata kulifuata basi siku hiyo. Alikaa ndani ya gari, mikono kwenye usukani, mpaka Yohana alipomwomba ashuke ili afunge gereji.

Ungedhani hapo angenunua mipira yangu. Mimi nilidhani. Aliingia dukani wiki iliyofuata, akakagua rafu, akainusa, akasema bado inanuka kandambili. Nilimwomba atoke. Ndiyo mara pekee niliyowahi kumwomba mtu mzima atoke dukani kwangu. Alitoka, akarudi mwezi uliofuata kama kawaida yake, na hatukulizungumza.

Mambo mengine niliyashindwa kuyapatanisha kwa mtu huyu. Hakuamini bidhaa yoyote mpya, lakini alikuwa wa kwanza Makole kununua redio ya kaseti, ili asikilize kwaya. Aliwaheshimu wanawake kuliko wanaume wengi wa rika lake. Aliwatetea wasichana waliofukuzwa shule mpaka akagombana na wakubwa zake. Na bado kwa miaka yote ile hakuweza kutamka mbele ya mkewe kwamba siku ile ya mteremko aliogopa. Mama Mkaguzi aliniambia mara moja kwamba angelisema hilo tu, angepanda hata gari lisilo na breki kabisa. Niliwahi kujaribu kumfikishia ujumbe huo. Aliniuliza bei ya balbu.

Mama mkwe alifariki. Mama Mkaguzi alikwenda mazishini kwa basi, mumewe nyuma yake kwenye gari la kuazima. Baada ya hapo safari za Mpwapwa zilipungua, na watu wakaanza kuniambia habari ambazo sikuzitilia maanani. Kwamba Mama Mkaguzi ameonekana sokoni akitafuta kibanda kilichovunjwa zamani. Kwamba amemwita binti yake kwa jina la dada yake. Kisha siku moja makondakta walimkuta stendi, mkoba begani na kikapu kitupu, amekaa kwenye basi la Singida akisema anakwenda kumwona mama yake. Waliomjua walimshusha na kumrudisha nyumbani.

Siku tatu baadaye Mkaguzi aliingia dukani. Hakusimama mlangoni. Alikuja moja kwa moja mezani na kusema, "Nipe ile mipira."

Nikaiweka mezani. Akaichukua, akaitia mfukoni.

"Inuse basi," nilimwambia. Sijui kwa nini nilitaka ainuse. Miaka yote nilitaka aache, na alipoacha ikaniuma.

"Inatosha," akasema.

Yohana aliifunga asubuhi moja, kama alivyosema tangu mwanzo. Ziling'olewa pia rimu za jua, zikarudi zile za chuma za zamani zenye vikombe vyake vya kufunika nati. Nilisikia gari limepona. Sikumwona Mkaguzi kwa muda, nami nilikuwa na hasira naye ambayo sikujua niiweke wapi. Asubuhi moja! Nililifikiria hilo kila nilipopanga rafu ya pili.

Nilimkuta bila kutarajia, katika barabara ya Zuzu. Nilikuwa nimekwenda kwa pikapu ya binamu yangu kufuata mzigo, tunarudi mjini alasiri, jua bado kali, barabara nyeupe na tambarare. Mbele yetu, likija upande wetu, kulikuwa na gari linalofanya mambo ya ajabu. Linaondoka, linakimbia kidogo, linasimama. Linaondoka tena, linasimama. Binamu akasema huyo dereva mlevi. Mimi nililitambua kwa rangi.

Nikamwambia asimamishe. Nilishuka, nikavuka. Mkaguzi alikuwa kwenye usukani, koti lake la kahawia, jasho linamtiririka kwenye mashavu. Na pembeni yake, kiti cha mbele, mlango umefungwa vizuri, mkoba mapajani, amekaa Mama Mkaguzi.

"Shikamoo Mkaguzi. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," Mama Mkaguzi alisema kwa uchangamfu wa mtu anayesalimiwa na mgeni. "Gari zuri hili. La nani?"

Mkaguzi hakunitazama. "Alipanda mwenyewe," aliniambia, sauti ya chini. "Nilifungua mlango akapanda. Hakuniuliza breki." Akapangusa jasho. "Nimekuwa namwonyesha tangu saa nane."

Akaondoa gari mita chache, akakanyaga. Likasimama laini, bila kuyumba, bila mlio. Zilikuwa breki nzuri kuliko za gari jipya. Nilitembea nikawafikia. Alikuwa amemgeukia mkewe, na sikuwahi kumsikia akisema kwa sauti ile, si kwangu, si kwa mtu yeyote.

"Mama. Umeona lilivyosimama? Zimepona?"

"Nini?"

"Breki. Mimi niliogopa siku ile. Niliogopa sana. Wewe sema, zimepona?"

Alilifikiria swali kwa adabu, jinsi alivyofikiria kila kitu. "Mimi sijui mambo ya magari, baba," akasema. "Muulize mwenye gari."

Nilitamani kumgombeza Mkaguzi. Maneno yote niliyomwekea kwa miaka yalikuwa yamejaa mdomoni, na hakukuwa na pa kuyatua. Nilishika dirisha lao tu. Mama Mkaguzi alitazama nje, mbele, kwenye barabara ya kwenda Zuzu, akakunja uso kidogo kama abiria aliyeanza kushuku kwamba amepanda basi silo.

"Dereva," akasema, "mimi nashukia Mpwapwa."

Mpwapwa ilikuwa nyuma yao, upande wa pili wa mji, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Hakuwa tena na mama wa kumwogesha kule. Mkaguzi alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sawa mama," akasema. "Tutafika."

Akageuza gari. Tulibaki nyuma yao, binamu na mimi, kwa sababu sikutaka tuwapite. Walipofika pale barabara inapovuka reli alisimama kabisa, ingawa hakukuwa na treni, kushoto wala kulia. Nilimwona amegeuza kichwa, anamwangalia mkewe, anangoja. Kisha taa za breki zikazimika na gari likavuka.